Mlinzi wa Msitu ni Nani?

Msafiri atokaye Nyololo kuelekea Igowole, katika Wilaya ya Mufindi, Mkoa wa Iringa, hupita katika nchi ambayo mgeni angeweza kudhani kwamba haina shida yoyote ya miti. Ataona mipaina iliyopandwa kwa mistari kama askari gwarideni. Ataona mikaratusi mirefu vilimani. Na kadiri anavyosonga mbele ataona mashamba ya chai yaliyotandazwa kama mkeka wa kijani chini ya ukungu wa asubuhi. Shamba la miti la Sao Hill, ambalo ndilo kubwa kuliko yote ya Serikali nchini, limo katika wilaya hiyo hiyo. Lakini katikati ya mali hiyo iliyopandwa kwa mikono ya watu, mabondeni na kwenye vyanzo vya maji, yamebaki mapande ya msitu ambao hakuna aliyeupanda. Wahenga walisema kwamba penye miti hapana wajenzi. Nasi twaweza kuongeza kwamba penye miti mingi ndipo watu wachelewapo kuuliza miti hiyo ni ya nani, na nani aitunze.

Katika insha hii twataka kuliuliza swali hilo. Hatuliulizi kama mabwana miti, kwa kuwa hatukusomea kazi hiyo; twaliuliza kama swali la haki na wajibu. Je, ni nani mwenye haki ya kusema, "Mti huu ukatwe, na huu usikatwe"? Je, ni Serikali, kwa sababu ina sheria na wataalamu? Ni wazee, kwa sababu wana mila? Au ni wanakijiji wote, kwa sababu wao ndio wanywao maji ya chemchemi hiyo na kuota moto wa kuni hizo? Mwalimu au mwanafunzi asomaye kurasa hizi asidhani kwamba jibu ni jepesi. Kila mmoja wa hao watatu amepata kuushika msitu kwa zamu yake, na kila mmoja ameacha funzo.

Tuanze na wazee. Katika Nyanda za Juu za Kusini, kama katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ulikuwako msitu ambao shoka halikuingia. Msitu wa Nyumbanitu, katika nchi ya Wabena huko Njombe, umehifadhiwa kwa mwiko na matambiko tangu enzi za mababu. Wamijikenda wa pwani ya Kenya walizitunza kaya zao, misitu waliyozika ndani yake wakuu wao, hata mwaka 2008 dunia ikazitambua kaya hizo kuwa urithi wa wanadamu wote. Wahehe nao walikuwa na mahali pa kuomba mvua na kuwakumbuka waliotangulia, na mahali hapo palikuwa penye miti mikubwa na maji. Mzee hakuhitaji kibao cha kukataza. Mtoto aliambiwa tu kwamba pale hapakatwi, naye alipokua alimwambia mwanawe maneno hayo hayo.

Wako waandishi wanaotaka tuishie hapo, tuseme kwamba utamaduni wetu ulikwisha kulijibu swali, na kwamba lililobaki ni kuurudia. Sisi hatukubali upesi hivyo. Kwanza, mwiko ulilinda sehemu ndogo iliyotakaswa, haukulinda msitu wote. Nje ya mipaka ya tambiko watu walifyeka, wakachoma, wakalima, kisha wakahama. Na nchi iliweza kupona kwa sababu watu walikuwa wachache. Pili, nguvu ya mwiko ilikuwa hofu. Hofu hiyo ilipoondoka, kwa dini mpya, kwa shule, na kwa vijana kwenda kutafuta kazi mbali, mwiko ulibaki kama ua lisilo na miiba. Tatu, walioamua walikuwa wachache. Mwanamke aliyechota maji na kuokota kuni, ambaye aliujua msitu kuliko mtu yeyote, hakuulizwa. Hivyo basi tuuheshimu mwiko kwa yale uliyotuhifadhia, lakini tusijidanganye kwamba ulikuwa shauri la watu wote.

Baada ya wazee ilikuja Dola ya wageni. Mwaka 1895 Wajerumani walitangaza kwamba ardhi yote waliyoihesabu kuwa haina mwenyewe ni mali ya utawala wao, na mwaka 1904 wakaweka sheria ya kutenga misitu. Waingereza wakaendeleza kazi hiyo kwa sheria yao ya mwaka 1921. Hatusemi kwamba kutenga misitu kulikuwa kubaya kwenyewe. Baadhi ya misitu tunayojivunia leo imesalia kwa sababu ya mipaka iliyowekwa wakati huo. Lakini kulikuwa na jeraha ndani yake. Mtu alilala usiku akiwa jirani wa msitu, akaamka asubuhi akiwa mwizi wa msitu. Kuni alizookota mama yake zikawa kosa mikononi mwake. Na neno jipya likaingia katika lugha yetu, neno "msitu wa Serikali", ambalo masikioni mwa mwanakijiji lilikuwa na maana ya msitu usiomhusu.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 bendera ilibadilika, lakini neno hilo halikubadilika upesi. Tulikuwa wanafunzi wa shule ya msingi mwaka 1980, wakati ilipoendeshwa kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Misitu ni Mali. Watu walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadiliana, nasi watoto tukapanda miche. Lilikuwa jambo jema, na miti mingi iliyopandwa na kizazi hicho ilijenga nyumba na kulipa ada za shule. Lakini tukikumbuka sasa twaona kwamba kulikuwa na swali moja ambalo hatukuliuliza kwa sauti: kama misitu ni mali, ni mali ya nani? Kwa miti ya shambani jibu lilikuwa wazi. Kwa msitu wa asili wa bondeni, ambao kila mtu aliutumia na hapana mtu aliyeusimamia, jibu halikuwapo.

Hapa yatupasa tuseme jambo linalotuhusu wenyewe. Tulipoanza utumishi, tukiwa vijana wenye kalamu mpya, tulifuatana na wenzetu katika msako wa wakataji miti. Tuliingia msituni kwa gari alfajiri, na tukamkuta mama mmoja wa makamo akifunga mzigo wa kuni. Alitusalimu, "Kamwene," kama vile tu wageni nyumbani kwake. Mwenzetu akamnyang'anya panga, nasi tukatakiwa tuandike. Mama yule hakulia wala hakupiga magoti. Alisema, "Baba zangu, bibi yangu aliokota kuni hapa, na msitu ulikuwapo. Ninyi mmekuja na gari, na msitu unakwisha. Sasa mnanifundisha nini?" Hatukuwa na jibu. Tuliandika stakabadhi ya faini, tukaondoka. Na wiki ile ile, sote tulijua, magari ya mbao yalikuwa yakipita usiku.

Kwa miaka mingi tumeyapima maneno ya mama yule. Hayakuwa kweli yote. Wakati wa bibi yake watu walikuwa wachache, na kuni za familia chache haziwezi kulinganishwa na mkaa wa mji mzima. Lakini kiini cha maneno yake kilikuwa kweli. Alikuwa akituambia kwamba sheria isiyomjua mtu haiwezi kumfunga dhamiri. Inaweza kumfunga mikono tu, na mikono hufunguka mlinzi akienda kulala. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tulikuwa tumekuja kutandika kitanda cha wengine.

Nchi yetu ilipata nafasi ya kujifunza jambo hili katika msitu wa Duru-Haitemba, huko Babati. Msitu huo wa miyombo, wenye ukubwa wa hekta zipatazo 9,000, ulikusudiwa kutengwa kuwa hifadhi ya Serikali. Vijiji vinane vilivyouzunguka vilipopata habari hiyo havikuufurahia mpango, na watu wakazidisha kukata, kwani mtu anyang'anywaye chungu hukwangua kilichomo kabla hakijaondoka. Katikati ya miaka ya 1990 viongozi na wataalamu wakafanya jambo ambalo ofisi hulifanya kwa nadra: waliwauliza wanakijiji iwapo wao wenyewe wangeweza kuulinda. Kila kijiji kikaainisha sehemu yake, kikaandika kanuni zake, kikachagua walinzi wake miongoni mwa vijana wake. Uharibifu ukapungua. Watu walewale waliokuwa wakihesabiwa kuwa maadui wa msitu ndio waliokuja kuwa walinzi wake. Miti ilikuwa ileile, na shida ya kuni ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni jibu la swali, "Ni wa nani?"

Kutokana na mafunzo kama hayo zilikuja Sera ya Misitu ya mwaka 1998, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na Sheria ya Misitu namba 14 ya mwaka 2002. Sheria hiyo ya mwisho inakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu ulio katika ardhi yake uwe hifadhi ya kijiji. Halmashauri ya kijiji huunda kamati. Mipaka hukaguliwa na kukubaliwa na majirani. Mpango wa usimamizi huandikwa, ukisema ni wapi pa kuokota kuni, wapi pa kufuga nyuki, na wapi pasipoguswa kabisa. Sheria ndogo hutungwa. Na yote hayo hupelekwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Vijiji vya Sunya, Lengatei na Dongo huko Kiteto viliungana vikaulinda msitu wao mkubwa, wakauita Suledo kwa silabi za majina yao. Vijiji vya Kilwa navyo vimeuza mipingo kwa utaratibu waliousimamia wenyewe.

Katika dunia ya wasomi swali letu limepata kubishaniwa vikali. Mwaka 1968 Garrett Hardin wa Marekani aliandika kwamba malisho ya wote lazima yaharibike, kwani kila mchungaji ataongeza ng'ombe mmoja zaidi kwa faida yake, na hasara watagawana wote. Kwa maoni yake, dawa ilikuwa mkono wa Dola au milki ya mtu binafsi. Elinor Ostrom, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba jambo hilo si lazima. Aliwachunguza watu wa nchi nyingi waliotunza misitu, malisho na mifereji yao kwa karne kadhaa, akaona kwamba hufaulu pale wanapojua mipaka yao, wanapotunga kanuni zao wenyewe, na wanapochungana wao kwa wao. Mchungaji wa Hardin hakuwa na mkutano wa kijiji. Hakuwa na jirani wa kumwambia, "Ndugu, ng'ombe wako wamezidi."

Je, basi tumekwisha kupata jibu? Tungependa kusema ndiyo, lakini twaogopa kuwadanganya vijana. Maana mkutano wa kijiji nao si malaika. Tulihudhuria mkutano mmoja wa namna hiyo, katika kijiji cha upande wa Igowole, uliokuwa ukizungumzia bonde moja ambalo chemchemi yake ilikuwa ikipungua. Watu walikuwa wamepanda mikaratusi mle bondeni, mahali ambapo zamani palikuwa na mivengi na vinyungu vya mboga. Mkaratusi hukua upesi, nguzo zake zina soko, lakini hunywa maji kama mgeni asiyeona haya. Ilipendekezwa kwamba mikaratusi yote ya bondeni ing'olewe na mahali pake pawe sehemu ya msitu wa kijiji.

Akasimama mjane mmoja. Alisema kwamba miti yake arobaini ndiyo ada ya mwanawe wa sekondari, na kwamba kama ikikatwa kabla ya wakati wake, basi chemchemi itapona na mtoto atarudi nyumbani. Watu walinyamaza. Kisha akasimama bwana mmoja mwenye miti mingi kupita yote, akasema kwamba ardhi ni yake na hapana mtu atakayempangia. Wengi walimwogopa, kwani alikuwa akiwakopesha. Tukaona jinsi wingi wa watu unavyoweza kunyamazishwa na mtu mmoja, na jinsi kamati inavyoweza kuwa mali ya wenye nguvu.

Kijana mmoja, ambaye sasa ni mwalimu, aliomba kusema. Alisoma kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Sheria hiyo ilikuwako miaka yote, lakini pale kijijini ilikuwa kama barua isiyofunguliwa. Mzee mmoja akasema, "Kumbe Serikali nayo ina mwiko wake." Watu wakacheka, na baada ya kicheko hicho mazungumzo yakawa mepesi. Yakafikiwa mapatano: mjane aachwe avune miti yake ikomae, kisha asiache visiki vichipue, na kijiji kimpe miche na sehemu ya kupanda kule juu mlimani, wenye miti mingi waanze kuondoa mara moja. Mjane alishukuru. Yule bwana alikaa kimya, na muhtasari ukaandikwa kwamba wote wamekubali.

Tulipopita tena baada ya misimu kadhaa, mjane alikuwa ametimiza ahadi yake, na mivengi michanga ilikuwa imesimama mahali pa mikaratusi. Shamba la bwana yule lilikuwa limekatwa kwa faida, lakini visiki vyake vilikuwa vimechipua tena, na hapana aliyemchukulia hatua. Hatuwezi kuficha jambo hilo ili insha yetu imalizike vizuri. Neno la wanyonge lilimfunga mnyonge; mwenye nguvu likampita pembeni. Hapo ndipo kijiji kilipomhitaji mtu wa kutoka nje: afisa wa wilaya asiyekopeshwa na bwana yule, na mahakama isiyomwogopa.

Kwa hiyo twaona kwamba watu wa mahali ndio wanaostahili kuongoza, lakini hawapaswi kuachwa peke yao. Tena liko jambo jingine. Maji ya Mufindi hayaishii Mufindi. Mto Ruaha Mdogo hushuka kutoka nyanda hizi na kujiunga na Ruaha Mkuu, ambao huendesha mitambo ya Mtera na Kidatu, kisha maji hayo huingia Rufiji, ambako Bwawa la Julius Nyerere lilianza kutoa umeme mwaka 2024. Mwanafunzi asomaye usiku kwa taa ya umeme huko Dar es Salaam ana deni kwa mwanakijiji aliyeacha mti usimame. Kwa sababu hiyo taifa lina haki ya kusema neno juu ya msitu wa mbali. Lakini mwenye deni asemaye na mdai wake husema kwa adabu, wala haji alfajiri kwa gari kumnyang'anya panga.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikataza ubwana wa viongozi, ukadai kwamba wananchi washirikishwe katika kufikiri, kupanga na kutekeleza mambo yao. Mara nyingi tumefanya la mwisho tu: tumewashirikisha wananchi katika kutekeleza yaliyofikiriwa na wengine. Katika mambo ya msitu kosa hilo huonekana upesi, kwa kuwa mti hausikilizi hotuba. Kushiriki kwa kweli ni pale ambapo mwanakijiji anaweza kuubadilisha mpango, kuuliza hesabu za faini, na kumwondoa mjumbe wa kamati aliyeuza mbao za usiku.

Sasa twaweza kulijibu swali letu, ingawa kwa tahadhari. Mlinzi wa msitu ni yule anayeathirika msitu ukifa, mradi awe amesikilizwa wakati wa kuamua na awe tayari kuulizwa baada ya kuamua. Wazee walikuwa na sharti la kwanza, kwani waliishi na msitu. Lakini hawakuwasikiliza wote. Serikali ilikuwa na elimu na nguvu; lakini haikunywa maji ya chemchemi ile. Mkutano wa kijiji waweza kuyaunganisha yote, mwiko wa mzee, elimu ya mtaalamu na shida ya mjane, ikiwa tu watu wake hawaogopani. Na kutoogopana hakuletwi na sheria. Kunafundishwa, nyumbani na shuleni.

Ndiyo maana tumewaandikia walimu na wanafunzi. Siku moja tuliombwa ubeti na wanafunzi waliokuwa wakipanda miti, tukawaandikia huu:

Msitu si mali yangu, wala si yako pekee,
Wa wajao ulimwengu, tutunze tuwawekee,
Hautunzwi kwa marungu, shauri na lienee,
Maji, neema ya Mungu, kwa mti tuyangojee.

Walipokwisha kuusoma, msichana mmoja aliuliza, "Na mwenye nguvu asiposikia shauri?" Tulimwambia kwamba ubeti una mistari minne tu. Lilikuwa jibu la kukwepa, naye alijua. Swali lake ndilo tunaloliacha darasani: mwalimu alipeleke mbele ya wanafunzi wake, na wao walipeleke siku moja katika mkutano mkuu wa kijiji chao, walisimamie mbele ya watu, bila kunong'ona.